Kibla kwa Chombo Kilichozaliwa na Vita

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mngu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad. Ama baad.

Ndugu yetu mmoja wa Mombasa, aliyehamia Kakonko kwa biashara, ametuuliza masala. Kwao alizoea kusali akielekea kaskazini, na ndiko kibla kilipo. Alipotaka kuweka mkeka wake Kakonko, simu ikamwonyesha kwamba huko kibla chaelemea mashariki ya kaskazini kadiri ya digrii 19. Akafurahi, kisha akaambiwa kwamba simu hujua mahali ilipo kwa nyota za kufanywa na watu, ziitwazo satelaiti, khasa za jeshi la Marekani. Moyo ukaingia shaka.

Khabari hiyo ni kweli. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliianza kazi hii mwaka 1973, na satelaiti ya kwanza ikarushwa 1978, ili manowari, ndege na askari wajue walipo. Ni mfanyabiashara gani angalitoa mali miaka yote hiyo asione faida? Hazina ya serikali ilitoa. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea ilipotea njia ikatunguliwa na Warusi, wakafa watu 269. Ndipo Rais Reagan akaahidi kwamba raia nao watafaidi. Hata hivyo, kipimo cha raia kilipunguzwa usahihi kwa makusudi mpaka Mei 2000.

Twajibu: asili ya vitu ni uhalali, na amali huhukumiwa kwa nia. Mtume alichimba handaki kuilinda Madina kwa shauri la Salman Farisi, na hila hiyo ilikuwa ya majeshi ya Fursi. Na baadhi ya mateka wa Badri walijikomboa kwa kuwafundisha watoto kuandika. Basi tumia, usiwe na shaka.

Lakini tusiseme, "Vita vimetuletea kheri." Vita havijui hesabu. Waliojua ni wanavyuoni, na kilichowawezesha ni mali na subira. Viwili hivyo vyaweza kutolewa vivyo hivyo kwa ajili ya malaria iuayo watoto wetu, bara na pwani. Aibu si ya chombo. Ni ya nyoyo zifunguazo hazina kwa kumkhofu adui, zikaifunga kwa kumhurumia mgonjwa.

Na sisi tujihesabu. Kwa kushindana mtaa na mtaa twatoa fedha siku moja. Kwa madrasa, mpaka tubembelezwe.

Wallahu aalam.