Akishatua Mzigo, Ni Nani?

Uso wa Makumbusho ya Metropolitan jijini New York ulikamilika mwaka 1902 ukiwa na mashubaka manne ya kuwekea sanamu, na kwa zaidi ya miaka mia moja mashubaka hayo yalikaa matupu. Septemba 2019 wakaketishwa humo wanawake wanne wa bronzi, kazi ya Wangechi Mutu, mchongaji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Miili yao imezungushiwa mikunjo kama pingili za shanga kutoka shingoni hadi chini. Vichwani wana visahani vilivyong'arishwa, huyu penye mdomo, yule penye macho, vilivyorudisha mwanga wa jua barabarani. Wamenyoosha migongo, na hawajabeba kitu.

Mwanamke wa sanamu asiyebeba kitu ni jambo la nadra kuliko tunavyodhani. Kule Athens, mabinti sita wa mawe walisimamishwa chini ya paa la hekalu la Erechtheion mahali pa nguzo. Kusini-mashariki mwa Kongo, mafundi wa Kiluba walichonga vigoda vya watawala ambavyo kikalio chake hushikiliwa juu na mwanamke, mara nyingi amepiga magoti. Mutu alizijua mila zote mbili alipoanza sanamu za Metropolitan. Lakini hazilingani. Kwa Waluba, mwili wa mwanamke ulihesabiwa kuwa na nguvu ya kutosha kuhifadhi roho ya mfalme, kwa hiyo aliyeshikilia kigoda hakuwa mtumwa wa aliyekikalia. Pasipo yeye, ufalme haukuwa na pa kukaa.

Basi mzigo ni uonevu, au ndio unaomfanya mtu awe mtu?

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alilijibu swali hilo kwa njia yake katika kitabu cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Mtu, alifundisha, hajipi utu mwenyewe. Anaupata kwa jamaa zake, walio hai, waliotangulia na watakaozaliwa. Wengi wamelipokea fundisho hilo kama faraja, na ni faraja kweli. Ila jamaa hao hao wanaompa mtu utu ndio wanaomtwika, na mwanamke hutwikwa zaidi: kuni, maji, mtoto mgongoni, jina la ukoo, heshima ya nyumba nzima. Anayesema "mimi ni wa watu wangu" anasema pia "ya watu wangu yako juu yangu". Falsafa yetu imeisifu sana sehemu ya kwanza na kuipita ya pili kwa haraka.

Mutu hakuipita. Katika filamu yake *The End of Carrying All*, iliyoonyeshwa Venice mwaka 2015, yeye mwenyewe anatembea nyikani amejitwika kikapu kichwani. Kila anapopiga hatua mzigo unakua, vitu vinazidi kurundikana juu yake, mgongo unapinda, na mwisho mwanamke na mzigo wanakuwa kitu kimoja kinachomezwa na ardhi. Hakuna anayemlazimisha. Hilo ndilo linaloumiza: haonekani hata mara moja akifikiria kuutua.

Maisha yake yanaonyesha kwa nini swali hili halikumwacha. Alitoka Nairobi akiwa kijana, akasoma Wales, kisha New York, na mwaka 2000 akahitimu uchongaji katika Chuo Kikuu cha Yale. Kwa miaka mingi makaratasi ya uhamiaji yalimzuia kutoka Marekani na kurudi. Karatasi ilikuwa imeamua yeye ni nani na anaweza kusimama wapi. Ni katika miaka hiyo alipojulikana kwa kolaji zake. Katikati ya miaka ya 2000 alichukua michoro ya kitabibu ya karne ya 19, ya magonjwa ya viungo vya uzazi, akabandika juu yake macho, midomo na ngozi zilizokatwa kwenye magazeti mpaka zikatokea nyuso. Kila kipande kilikuwa tayari kimetumika kumweleza mwanamke kwa macho ya mtu mwingine. Alikataa kuvitupa, na akakataa pia kuficha mahali vilipounganishwa.

Baadaye alianza kuishi baina ya New York na Nairobi, na vifaa vikabadilika. Akachonga kwa udongo mwekundu wa nyumbani, miti, mizizi na rojo la karatasi. Biblia na Kurani zote zinasema binadamu aliumbwa kwa udongo, na mbele ya sanamu hizi za udongo habari hiyo inarudi na uzito wake. Udongo hauna ukoo wala pasipoti. Hata hivyo udongo huu ni wa mahali fulani, na rangi yake huitambulisha Nairobi kwa yeyote aliyewahi kuufuta viatuni. Kwangu hizi ndizo kazi zake zenye fikra nzito zaidi, kuliko hata zile za New York, kwa sababu haziamui upesi baina ya mtu aliyezaliwa bila mzigo na mtu ambaye hana asili nje ya mahali pake.

Wanawake wa Metropolitan wanaamua. Visahani vyao vinatokana na ndonya, pambo la mdomo ambalo katika jamii kadhaa za Afrika lilivaliwa na wanawake wenye hadhi, nalo lina uzito wake. Maana yake Mutu hakuwavua kila kitu. Amewaondolea paa na kigoda cha mtu mwingine, akawaachia uzito wanaoubeba kwa heshima yao wenyewe.

Ningependa hoja iishie hapo, lakini yeye mwenyewe aliisogeza mbele. Mwaka 2021, katika ua wa makumbusho ya Legion of Honor, San Francisco, karibu na sanamu ya *The Thinker* ya Rodin, aliweka sanamu mbili za bronzi ziitwazo *Shavasana*. Ni wanawake waliolala, wamefunikwa mikeka, mikono na miguu imejitokeza. Jina ni la pozi la yoga la kulala kama maiti. Nao hawajabeba kitu. Mtazamaji hana njia ya kujua kama wamepumzika au wameuawa, na kwa wanawake Weusi wa Marekani, ambako kazi hiyo ilionyeshwa, mashaka hayo si ya kifalsafa tu.