Sherehe ya Kuvushwa

Kutoka Nakuru unashika barabara ya kaskazini, unapita Mogotio, unapita Marigat, joto likizidi kadiri unavyoteremka, hadi Kampi ya Samaki kwenye ukingo wa Ziwa Baringo. Hapo barabara inaishia. Mbele yako ni maji ya rangi ya udongo, na ng'ambo ni Ol Kokwe, kisiwa cha mawe ya volkano na chemchemi za maji moto. Ni makao ya Wailchamus, wafugaji wa lugha ya Kimaa ambao ni wavuvi pia.

Ukitaka kujua sherehe ni nini, keti pale ufukweni siku moja kabla ya harusi ya kisiwani. Mbuzi wanashushwa wakilia, wanafungwa miguu, wanapakatwa mashuani. Zinafuata kreti za soda, magunia ya mchele, vitunguu, sufuria kubwa za kuazima, viti vya plastiki vilivyofungwa kwa kamba, na spika zilizofunikwa turubai zisirushiwe maji. Mama mwenye daftari anahesabu kreti, kisha anazihesabu upya, kwa maana kilichosahaulika huku kitagharimu safari nyingine. Nahodha naye hatazami orodha. Anatazama jinsi chombo kilivyokaa majini, anaamuru magunia mawili yasogezwe mbele, na mtu ambaye hata si wa ukoo wa bwana harusi anainuka kuyasogeza.

Kwangu mimi, harusi imeshaanza.

Tumezoea kusema kwamba sherehe ni mapumziko, siku ya kuweka kazi kando. Ol Kokwe hoja hiyo haisimami. Mashua iliyobeba mbuzi wa harusi ndiyo iliyobeba mgonjwa usiku wa jana, na kesho itabeba samaki wa kuuzwa. Mvuvi atakayecheza ngoma jioni, alfajiri alikuwa ziwani peke yake juu ya kichombo cha ambachi, mti mwepesi kama kizibo, nusu ya mwili ikilowa, akipiga maji kwa makasia mawili madogo ya mkononi katika ziwa lenye viboko na mamba. Sherehe inatumia misuli ileile na ujuzi uleule. Kinachobadilika ni kwamba siku hiyo kazi ya wote inaelekezwa kwa nyumba moja, bila malipo. Naamini hapo ndipo maana inapozaliwa. Mbuzi akiwa sokoni Marigat ana bei. Akishavushwa mapajani mwa jirani, ana bei na ana ushahidi: kuna mtu aliyeacha nyavu zake kwa ajili yako.

Sisemi hivyo kuwasuta watu wa Nakuru, mji uliotawazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ambako hema, chakula na muziki huagizwa kwa simu. Pesa za mchango nazo ni jasho la mtu. Lakini mjini jasho hilo halionekani kwa urahisi, na mgeni anaweza kula, akashukuru, akaondoka asijue nani alichoka kwa ajili yake. Kisiwani hilo haliwezekani. Waliochoka umewaona wakishuka majini.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa ziwa limekuwa likipanda, na mwaka 2020 lilizidi, likameza nyumba, shule na malisho ya ukingoni. Wakati huohuo rasi ya Longicharo ilikatwa na maji, twiga wakabaki wamezingirwa. Kuanzia Desemba 2020 hadi Aprili 2021 walivushwa kwa chelezo kilichoundwa makusudi, hadi upande wa bara wa hifadhi ya Ruko, jina lililounganishwa kutoka Rugus na Komolion. Hifadhi hiyo ni ya Wailchamus na Wapokot, jamii zilizouana kwa miaka mingi kwa sababu ya mifugo. Picha za twiga juu ya maji zilizunguka dunia, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba mnyama anayesumbukiwa kiasi hicho ni wa thamani. Basi tuwatazame hivyohivyo bibi harusi anayevuka akishikilia shela lisipeperushwe, na wazee wa jando wanaovushwa huku wameshikwa mikono. Maji yanaweza kuchukua uwanja wa ngoma, na watu watacheza palipo juu zaidi. Wakikosa wa kuwavusha, hapo ndipo sherehe itakapokufa, hata uwanja ukiwa mkavu.

Ukialikwa Ol Kokwe, usifike saa ya chakula. Fika Kampi ya Samaki siku moja kabla, uulize mashua ya harusi ni ipi. Mizigo ipo, na kuna magunia ya kusogeza mbele.