Nani Aligharimia Kufungwa kwa Shule?

Kenya ilipofunga shule katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya korona, ilisemwa kwamba masomo yamesimama. Kazi yenyewe haikusimama. Kumlisha mtoto mchana, kumchunga, kuamua ugomvi, kumsukuma asikilize vipindi vya masomo redioni: yote ambayo mwalimu na mpishi wa shule hulipwa kuyafanya yalihamia nyumbani, na madarasa mengi hayakufunguliwa hadi Januari 2021. Mwalimu wa serikali aliendelea kupata mshahara wake, tena kwa haki. Aliyeipokea kazi hiyo, mara nyingi mama, hakutajwa popote. Kwangu mimi hiyo ilikuwa gharama ya umma iliyotupwa mabegani mwa watu binafsi, ikaonekana kama haipo kwa sababu tu haikuandikwa. Aprili mwaka huohuo serikali ilishusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 30 hadi 25. Mwenye mshahara alipumua. Mama fua aliyeambiwa asije tena, kwa hofu ya maambukizi, alipunguziwa kodi gani? Na lile agizo la kunawa mikono kila mara ni jepesi kwa mwenye bomba. Panaponunuliwa maji kwa mtungi, lina safari zake na shilingi zake. Ajabu ni kwamba kanuni za kimataifa za hesabu za taifa huruhusu uchotaji maji uhesabiwe kama uzalishaji, lakini ukiyabandika jikoni upike ugali wa wanao, kazi yako haimo tena. Marilyn Waring wa New Zealand aliukosoa mfumo huo kitabuni tangu 1988.

Wapo watakaosema akina baba nao walikuwa nyumbani, wengine wamepoteza vibarua. Ni kweli, na lilikuwa pigo. Ila kuwapo nyumbani hakugawi kazi kwenyewe: makadirio ya Shirika la Kazi Duniani ya 2018, kabla ya korona, yanaonyesha wanawake wakitumia saa 4 na dakika 25 kwa siku katika malezi na kazi za nyumbani zisizolipwa, wanaume saa 1 na dakika 23. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mama hulea kwa mapenzi, na kuyahesabu ni kuyadhalilisha. Lakini wauguzi wa Kenya walipogoma Desemba 2020 wakidai, pamoja na mengine, marupurupu ya kazi ya hatari, madai yao hayakuwa ushahidi kwamba hawana huruma kwa wagonjwa. Tena kuhesabu si lazima kulipa. Ni kuifanya gharama iwepo mezani pale maamuzi yanapofanywa. Haikuwepo mezani pale baa zilipofunguliwa tena mwishoni mwa Septemba 2020. Wanafunzi wa kwanza walirudi Oktoba 12, nao walikuwa madarasa matatu tu.