Hofu Inapoingia Nyumbani



Wapendwa wanandoa, siku ile mlipopeana pete mliahidi kuwa waaminifu katika taabu na raha, katika ugonjwa na afya. Siku hiyo neno "taabu" lilipita mdomoni haraka, kwa maana wageni walikuwa wanangoja na pilau ilikuwa jikoni. Sasa huenda taabu yenyewe imebisha hodi. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Kazi ya baba imekwisha. Mama amepimwa kliniki na kuambiwa arudi kwa vipimo zaidi. Ama miaka sita imepita tangu harusi, mtoto hajapatikana, na jamaa wameanza kunong'ona.

Katika hali kama hii tunaambiwa, "Mwamini Mungu, yeye ana mpango." Ni neno la kweli. Lakini wewe unayelala macho wazi hadi jogoo awike unauliza: Nitaaminije na huku ninatetemeka? Je, hofu yangu si dalili kwamba sina imani?

Tufungue Kitabu cha Tobiti. Sehemu ya sura yake ya 8 ni mojawapo ya masomo ambayo Kanisa linaruhusu yasomwe siku ya harusi, kwa hiyo huenda mliisikia ninyi wenyewe mkiwa mbele ya altare. Hata hivyo, wengi wetu hatujui yaliyotangulia.

Mzee Tobiti aliishi uhamishoni Ninawi. Alikuwa mcha Mungu, mtu wa sadaka, aliyezika maiti zilizotupwa. Kisha akapofuka. Mkewe Ana akaanza kufanya kazi za mikono ili wapate chakula. Siku moja matajiri wake walimlipa, wakamwongezea na mwana-mbuzi. Tobiti aliposikia mbuzi analia, hakuamini kwamba ni zawadi. Alidhani ameibwa, akaamuru arudishwe. Ana naye akamjibu kwa uchungu: ziko wapi basi hizo sadaka zako na hayo matendo yako mema?

Je, ugomvi huo ulikuwa wa mbuzi? Hapana. Mume aliona aibu kulishwa na mkewe. Mke alikuwa amechoka, tena anaogopa kesho. Hakuna aliyesema hivyo, na mbuzi akabeba lawama. Hata leo watu wengi hugombana juu ya chumvi iliyozidi au dakika kumi za kuchelewa, kumbe ni hofu inayosema.

Sasa twende mji mwingine, Ekbatana, kwa binti aitwaye Sara. Alikuwa ameolewa mara saba, na kila mume alikufa usiku wa harusi. Mjakazi wa nyumbani akamtukana kwa ajili hiyo. Sara akapanda chumba cha juu akiwa na nia ya kujiua. Akakumbuka jinsi baba yake atakavyoaibika na kuhuzunika, akaacha, akasimama dirishani akaomba. Kitabu kinatuambia kwamba siku ile ile Tobiti naye alikuwa akiomba Ninawi, na sala zote mbili zilisikiwa pamoja mbele ya Mungu. Lakini wao hawakujua. Sara alishuka ngazi akiwa bado mjane wa waume saba. Tobiti alirudi ndani akiwa bado kipofu. Mpango wa Mungu ulikuwa umekwisha anza kutembea, na wao hawakuona hata vumbi lake.

Tobiti akamtuma mwanawe Tobia safari ya mbali kuchukua fedha alizoweka kwa ndugu mmoja. Kijana akapata mwenzi wa safari, akidhani ni jamaa yao aitwaye Azaria, kumbe ni malaika Rafaeli. Angalieni hapo: msaada wa Mungu ulikuja kama kibarua wa njiani, mwenye kulipwa ujira wa kila siku. Kwako huenda utakuja kama muuguzi, kama mama wa jumuiya ndogo ndogo, au kama jirani anayejua mahali wanapotafuta wafanyakazi. Usimngoje malaika mwenye mabawa huku ukimfungia mlango huyu mwenye miguu ya vumbi.

Rafaeli alipomshauri amwoe Sara, Tobia hakujifanya shujaa. Alisema wazi: nimesikia waume saba wamekufa, mimi ni mtoto wa pekee, nikifa nani atawazika wazazi wangu? Malaika hakumkemea, wala hakumwita mtu asiye na imani. Alimwambia asiogope, akampa kazi ya kufanya: achukue moyo na ini la samaki, avitie juu ya makaa ya ubani, kisha wasimame wote wawili wamwombe Mungu. Tobia alisema hofu yake, akafanya aliloagizwa, akaomba pamoja na mkewe. Hiyo ndiyo imani. Anayesali na kukataa kwenda kliniki hajamtii Rafaeli. Na anayekwenda kliniki bila kusali amesahau nusu ya agizo.

Usiku ule, mlango ulipofungwa, Tobia alimwamsha Sara kwa upole, akimwita dada, wakaomba. Wakati huo huo baba mkwe, Ragueli, alikuwa nje na watumishi wake wakichimba kaburi gizani, ili kijana akifa azikwe kabla majirani hawajajua. Kisha akamtuma mjakazi na taa akatazame. Akawakuta wote wawili wamelala usingizi. Kaburi likafukiwa upesi kabla ya mapambazuko.

Ndugu zangu, nyumba zetu zina makaburi kama hilo. Mume amefutwa kazi, lakini kila asubuhi anavaa koti na kuondoka kana kwamba anakwenda kazini, na jioni anarudi na uongo. Mke anaweka pesa kwa siri kwa dada yake, kwa kuwa moyoni ameshaamua kwamba ndoa hii haitafika mbali. Mwingine amepimwa, ameficha cheti chini ya godoro. Kila mmoja anajiambia, "Nisimtie mwenzangu wasiwasi." Wazee walisema, mficha uchi hazai. Hofu ukiificha haifi, inaendelea kuchimba.

Hapa niseme wazi. Kama hofu yako ni ngumi za mwenzako, usiambiwe kwamba mpango wa Mungu ni uvumilie kipigo. Nenda mahali salama pamoja na watoto, mwambie padre au mtu unayemwamini, na serikali ijue. Ndoa si ruhusa ya kuumiza.

Wengine wataniuliza: na sisi ambao kaburi letu halikufukiwa? Tuliomba pamoja, na bado tulimzika mtoto. Sina jibu la kuwapa kwa maneno mepesi. Hata Sara alizika saba kabla ya Tobia, na kitabu hakimpi yeye sababu. Bwana wetu mwenyewe, pale Getsemani, aliingiwa na hofu, akaomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Aliwataka rafiki zake wakeshe naye, nao wakasinzia. Kwa hiyo kumtumaini Mungu si kuamini kwamba hakuna baya litakalotupata. Ni kuamini kwamba hatatuacha ndani yake, na kwamba mauti hayana neno la mwisho. Tena mwenzako asiposinzia saa hiyo, anakufanyia lile ambalo Petro alishindwa kumfanyia Yesu.

Mwaka 1981, katika wosia wake wa kitume juu ya familia, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba sala ya familia husaliwa pamoja, mume na mke, wazazi na watoto, na kwamba mambo ya maisha ya nyumba ndiyo yanayoijaza: furaha na huzuni, kuzaliwa na kufa, maamuzi makubwa. Basi hofu yenu haina haja ya kusubiri mlangoni mpaka msali. Iingizeni ndani ya sala.

Usiku wa leo, watoto wakishalala, zimeni redio. Baba aseme, "Mama watoto, mimi naogopa jambo hili." Mama asikilize bila kukatiza wala kulaumu, kisha naye aseme lake. Halafu mkamwombe Mungu kwa maneno yenu wenyewe, hata kama ni machache, mkamalize na Baba Yetu. Mwisho, kubalianeni jambo moja la kufanya kesho asubuhi: kumwona mwalimu mkuu juu ya karo, kwenda kliniki wote wawili, kuuliza kazi mahali fulani. Jambo moja tu. Ya keshokutwa yana Mwenyewe.

Mungu awabariki, na Familia Takatifu iwaombee.