Jina Ukishalitoa

Msomaji mwenzangu, hivi aliyetoa jina ana haki ya kulibadili? Swali hili lilinikuta Morogoro, kwenye chumba cha kurekodia cha rafiki yangu, magodoro ukutani, mvua ya Uluguru inapiga bati.

Nilikuwa nimemtengenezea programu-jalizi, yaani kile kiprogramu kinachopachikwa ndani ya programu ya kurekodia ili kurekebisha sauti. Niliijenga kwa mfumo wa LV2. Humo kila poti, iwe mlango wa sauti au kitufe cha kuongeza na kupunguza, ina majina mawili. La kwanza ni la macho: "Uzito wa besi", andika upendavyo, hata kwa Kiluguru. La pili ni kitambulisho: herufi, tarakimu na mstari wa chini basi, hakuna nafasi, kisianze na tarakimu, na poti mbili za programu moja zisichangie kimoja. Kompyuta hutunza mipangilio kwa hilo la pili.

Mimi kwa haraka zangu nikakiita "kitu2". Aibu tupu! Baadaye nikakisafisha kikawa "besi_uzito", nikampelekea toleo jipya, kifua mbele.

Jamaa akafungua wimbo wa mjomba wake, mpiga gita wa Matombo, marehemu tayari. Gita lilikuwepo. Ile besi waliyoitafuta pamoja usiku kucha, haipo. Kompyuta ilibisha hodi kwa "kitu2", hakuna aliyeitika, kitufe kikarudi sifuri. Naye, bila kujua, akahifadhi juu yake.

"Mjomba alisema hapo hapo, usiguse," akaniambia.

Nikajitetea kwamba jina jipya ni sahihi zaidi. Kweli, lakini sahihi kwa nani? Lile baya lilikuwa limeshabeba kazi ya watu. Halikuwa langu tena. Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe alipotaka mwanzo mpya, hakuibatiza upya Morogoro Jazz. Alitoka, akaunda Super Volcano. Na kanuni ya LV2 ndivyo inavyotaka: ukibadili kitambulisho cha poti, ipe programu nzima anwani mpya, ile ya zamani iachwe na watu wake.

Nimerudisha "kitu2". Kwenye kioo panasomeka "Uzito wa besi". Jamaa bado anazungusha kitufe, anasikiliza, anatikisa kichwa, anazungusha tena.