Je, Mama Anayezaa Wasichana Tu Ana Kosa?

Hata leo tunasikia shitaki hili: «Bibi huyu amezaa wasichana watano, ameunyima ukoo mtoto mume.» Wazee wanakutana, na bwana anashauriwa kutwaa bibi mwingine. Tuulize kwanza: je, shitaki hilo ni la kweli? Maana hukumu isiyosimama juu ya ukweli si haki.

Mwaka 1905 mwanamke mtaalamu wa Marekani, Nettie Stevens, alichunguza wadudu wa unga akaona kwamba mbegu za dume ni za namna mbili. Kwa watu ni vivyo hivyo. Ndani ya chembe za mwili mna nyuzi za urithi, ziitwazo kromosomu. Mama ana X mbili. Baba ana X moja na Y moja. Yai la mama huleta X sikuzote. Mbegu ya baba ikileta X, huzaliwa msichana. Ikileta Y, huzaliwa mvulana.

Zamani sana, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, X na Y zilikuwa jozi iliyofanana. Kisha Y ikaacha kubadilishana vipande na mwenzake, isipokuwa kwenye ncha zake. Kasoro zikaongezeka, ikapoteza sehemu nyingi za urithi, ikawa fupi. Lakini zile za lazima zilidumu, kwa kuwa kiumbe aliyezikosa hakuacha wazao. Huo ndio uteuzi wa asili. Tusiogope elimu hiyo: mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili, akifundisha kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe.

Huenda mmoja akasema: «Basi kosa ni la baba.» Hapana. Baba hachagui mbegu itakayotangulia. Kwa kuku mambo ni kinyume: yai la jike ndilo linaloamua kama kifaranga atakuwa jogoo au tembe. Je, tumshitaki kuku? Pasipo hiari hapana kosa.

Lakini bwana anayemfukuza bibi yake ametumia hiari. Ahadi aliyoitoa mbele ya altare haikuwa na sharti la mtoto mume. Basi dhambi haimo tumboni mwa mama; imo moyoni mwa anayemfukuza, na kinywani mwa wanaomshauri.

Na wale wasichana watano wanaosikia wakiitwa hasara? Kila mmoja ana roho isiyokufa. Enyi akina baba, wapelekeni shuleni, wapeni haki yao nyumbani, na mwiteni mama yao kwa heshima.