Ndumakuwili na Dhana Mbaya



Hakuna nyoka aliyesingiziwa katika lugha yetu kama ndumakuwili. Jina lake tumelifanya tusi: mwenye kusema hili kwa huyu na lile kwa yule, twamwita ndumakuwili. Mnafiki astahili jina baya, hilo halina mjadala. Linalotushughulisha ni mnyama mwenyewe. Amefanya nini hata akabebeshwa dhambi ya binadamu?

Tumtazame kama alivyoumbwa. Katika nyoka hawa wa chini ya ardhi wako wale vipofu, wembamba, wang'aao, ambao mtu huweza kuwadhania nyungunyungu. Macho yao yamefunikwa na magamba. Huona mwanga na kiza tu. Kinywa ni kidogo, kiko chini ya pua, sumu hawana, chakula chao ni mayai na wana wa sisimizi na mchwa. Mkia ni butu mfano wa kichwa, na nchani una kijiba ambacho hukisukumia ardhini wapate kwenda mbele. Akishikwa, hukikandamiza mkononi, mtu akadhani ameumwa. Kumbe kile kichwa cha pili ni mkia! Tena yuko mmoja, aonekanaye katika miji yetu ya pwani, hazidi shubiri. Asili yake ni Asia, akasafiri ndani ya udongo wa miche. Na jamii yake yote ni majike, hutaga bila ya dume. Mwenye kutaka dalili ya uwezo wa Mola wake, hii ni moja.

Nasi tulio Nairobi, katika mitaa ya Mashariki kama Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, twajua la kutarajia mvua ikinyesha sana. Shimo likijaa maji, mwenye shimo hutoka. Hakutoka kwa vita. Nyumba yake imezama. Watu wa mitaa hii wasingepaswa kufundishwa jambo hilo. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwaka 1939, wenyeji wake, ambao wengi walikuwa Waislamu, walihamishiwa Shauri Moyo. Na mwaka 2024, mafuriko ya masika yaliwatoa wengi majumbani mwao huko Mathare. Aliyepata kuhamishwa aelewa kwamba si kila aonekanaye mlangoni pasipo kualikwa amekuja na shari.

Sasa tuulize: je, yafaa kumuua? Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wamewapambanua wanyama. Mwenye kudhuru, kama nge, imesuniwa kumuua. Asiyeonekana kwake nafuu wala madhara, kama dundu, ni makuruhu kumuua. Mtu atasema: "Mbona hadithi imeruhusu kuuawa nyoka wa mkia mfupi?" Twajibu: ndiyo, na hadithi hiyo hiyo imetaja sababu, nayo ni madhara ya kupofua macho na kuharibu mimba. Kipofu huyu mla mayai ya mchwa hana moja katika hayo. Na hukumu, kwa tuonavyo, huifuata sababu yake.

Hata hivyo hatusemi watu wawachukue nyoka mikononi. Wako nyoka wengine wa ardhini wafananao na hawa kwa mbali, nao wana sumu, na huweza kuchoma kwa jino la ubavuni pasi na kufumbua kinywa. Basi asiyejua asishike. Awaondoe watoto, na akiweza amsukume kwa fagio refu mpaka nje penye udongo. Kuihifadhi nafsi ni wajibu. Lakini tofauti hii ishikwe sana: kutojua kwatupa ruhusa ya kujitenga, hakutupi ruhusa ya kushitaki.

Na hapa ndipo penye msiba wenyewe. Nyoka huonekana kizingitini asubuhi ya mvua, na kabla ya adhuhuri imekwisha semwa kuwa ametumwa, na aliyemtuma ni jirani wa mlango wa pili. Huendewa mganga, hutolewa fedha, hutajwa jina. Siku ya Idi watu wawili waliokula sinia moja hawapeani mkono. Nyoka alitolewa na maji. Uadui umetolewa na dhana. Katika Suratul Hujurati tumekatazwa dhana, kupelelezana na kusengenyana kwa mfuatano, kwani la kwanza huzaa la pili, na la pili huzaa la tatu. Na kumwendea mganga akwambie ya ghaibu ni kuitia imani yako katika hatari kwa ajili ya kiumbe asiyeweza hata kuliona jua.

Basi tumtafute ndumakuwili wa kweli. Ni yule amwamkiaye jirani yake kwa salamu, kisha akaingia ndani kumtaja kuwa mchawi. Huyo ana vichwa viwili kweli, na vyote viwili vinauma. Kila mmoja wetu na aichunguze nafsi yake kabla hajashika fimbo.

Wallahu aalam.